Cicely Tyson: Maisha na kazi ya mwigizaji aliyekataa uhusika wa kudhalilisha

MWIGIZAJI wa jukwaa, televisheni na filamu wa Marekani, Cicely Tyson, alifariki dunia Januari 28, 2021 akiwa na umri wa miaka 96, siku mbili tu baada ya kitabu cha maisha yake, "Just as I Am", kuingia sokoni. Alidumu katika fani ya uigizaji kwa takribani miongo saba. Alipata tuzo tatu za Emmy za televisheni, tuzo ya Tony ya jukwaa, Oscar ya heshima na Nishani ya Rais ya Uhuru, ambayo ni nishani ya juu kabisa inayotolewa kwa raia nchini humo.

Orodha hiyo ni ndefu, lakini ingeweza kuwa ndefu zaidi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Tyson alikataa kazi nyingi kuliko alizokubali, kwa sababu aliona kuwa zilimwonesha mtu mweusi kama kiumbe asiye na utu kamili. Uamuzi huo ulimgharimu kipato na miaka mizima ya kukaa bila kazi. Ndio pia uliozaa kazi ambazo zinatazamwa hadi leo, ikiwemo ile ya Binta, mama wa Kunta Kinte, katika tamthilia ya "Roots".

Utoto wa Harlem

Tyson alizaliwa Desemba 19, 1924 jijini New York na kukulia East Harlem. Wazazi wake, William na Fredericka, walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi kilichokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba alikuwa seremala na mpaka rangi. Mama alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Ndoa yao ilivunjika watoto wakiwa bado wadogo.

Mama alikuwa mcha Mungu wa msimamo mkali. Siku nyingi za juma familia ilikuwa kanisani, na binti huyo aliimba katika kwaya. Kwenda sinema kulikatazwa nyumbani kwao, na maigizo yalihesabiwa kuwa njia ya upotevu. Hivyo mtu ambaye baadaye uso wake ungejulikana kwa mamilioni alikua bila kuzijua filamu.

Baada ya masomo ya sekondari aliajiriwa kama mpiga taipu katika Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani. Kazi ilikuwa ya heshima na yenye mshahara wa uhakika, jambo ambalo si dogo kwa msichana mweusi wa wakati ule. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alisimama akawatangazia wenzake ofisini kuwa hakuamini Mungu alimuumba ili apige taipu maisha yake yote. Aliacha kazi, akaingia katika uanamitindo, na kutoka hapo akaelekea kwenye uigizaji.

Habari hizo zilipomfikia mama yake, alimtaka binti ahame nyumbani, na kwa takribani miaka miwili hawakuzungumza. Wakati huo Tyson mwenyewe alikuwa tayari ni mama. Alijifungua mtoto wa kike akiwa msichana mdogo, na maisha yake yote alilificha jina la binti huyo ili kumlinda dhidi ya macho ya umma. Hata katika kitabu chake alimpa jina lingine. Baadaye mama mzazi alikuja kumtazama mwanawe jukwaani, na uhusiano wao ukarejea.

Jukwaa la mwaka 1961

Mei 1961 mchezo wa "The Blacks" ulioandikwa na Mfaransa Jean Genet ulifunguliwa katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse, Manhattan, nje ya majumba makubwa ya Broadway. Waigizaji wote walikuwa weusi. Baadhi yao walivaa vinyago vyeupe na kuigiza malkia, jaji, gavana na mmisionari, yaani utawala wa kikoloni kwa sura zake zote, huku wenzao wakiwachezea mahakama mbele ya macho yao. Ulikuwa ni mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru, na mjadala wa ukoloni ulikuwa wa moto hata kwa watazamaji wa New York.

Tyson aliigiza katika kundi hilo pamoja na James Earl Jones, Roscoe Lee Browne, Louis Gossett Jr., Godfrey Cambridge na Maya Angelou. Ni vigumu kutaja mchezo mwingine wa miaka ile uliokusanya vipaji vya kiwango hicho kabla havijajulikana. Ulioneshwa zaidi ya mara 1,400. Mwaka 1962 Tyson alicheza pia katika "Moon on a Rainbow Shawl", tamthilia ya Errol John wa Trinidad, iliyomrudisha katika lafudhi na maisha ya visiwa walikotoka wazazi wake.

Nywele zilizozua barua

Kabla ya kupata ajira ya kudumu katika televisheni, Tyson alipewa nafasi ya mwanamke wa Kiafrika katika tamthilia moja iliyorushwa moja kwa moja. Aliona kwamba mwanamke huyo asingekuwa na nywele zilizonyooshwa kwa kitana cha moto, ambao ndio uliokuwa mtindo wa wanawake weusi wa mijini. Akaenda kinyozi, akakatwa nywele fupi na kuziacha katika asili yake.

Mwaka 1963 kituo cha CBS kilipoanza tamthilia ya mfululizo ya "East Side/West Side", iliyohusu ofisi ya ustawi wa jamii katika mitaa ya watu maskini ya New York, Tyson alipewa nafasi ya Jane Foster, katibu wa ofisi hiyo, akifanya kazi na George C. Scott aliyeigiza ofisa ustawi wa jamii. Watayarishaji walitaka abaki na nywele zile zile. Alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza nchini Marekani kuwa na nafasi ya kudumu katika tamthilia nzito ya televisheni, na alionekana kila wiki akiwa na nywele ambazo watazamaji wengi hawakuwahi kuziona katika runinga.

Barua zilimiminika. Wapo waliompongeza na wapo waliomlaumu kwamba anaaibisha watu wake. Alipenda kusimulia, kwa kicheko, kuhusu barua za wasusi waliolalamika kuwa wanapoteza wateja kwa kuwa wanawake walikuwa wakikata nywele ili wafanane naye. Tamthilia yenyewe haikuwa na maisha marefu. Ilizungumzia ubaguzi na umaskini bila kupaka sukari, baadhi ya vituo vya majimbo ya Kusini vilikataa kuirusha, na ilisitishwa baada ya msimu mmoja.

"Sounder" na maneno ya mwandishi mmoja

Filamu iliyobadilisha mwelekeo wa kazi yake ni "Sounder" ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Martin Ritt. Inahusu familia ya wakulima weusi katika jimbo la Louisiana wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, ambao wanalima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Baba anafungwa kwa kuiba nyama ili kuwalisha watoto. Mama, Rebecca Morgan, anabaki na shamba, watoto na deni. Awali Tyson alifikiriwa kwa nafasi ya mwalimu wa shule. Yeye alimtaka Rebecca. Aliambiwa kuwa ni kijana mno na mzuri mno kwa mwanamke wa shamba, lakini hakurudi nyuma hadi akapewa.

Waliowahi kuitazama filamu hiyo hukumbuka zaidi tukio moja: mume anatokea kwa mbali barabarani akichechemea kutoka kifungoni, na Rebecca anakimbia kumlaki kwenye jua kali, mikono imetanuka. Hakuna maneno ya maana yanayosemwa. Tyson aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka mmoja na Diana Ross. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwa wanawake wawili weusi kuwania tuzo hiyo kwa pamoja. Ilikwenda kwa Liza Minnelli.

Wakati wa ziara ya kuitangaza filamu hiyo kulitokea jambo ambalo alilirudia katika mahojiano mengi hadi uzeeni. Mwandishi mmoja wa habari, mzungu, alisimama katika mkutano na kukiri kwamba hakujua ana ubaguzi ndani yake hadi alipoitazama "Sounder". Kilichomsumbua ni kumsikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa neno lile lile la upendo ambalo mwanawe mwenyewe hulitumia nyumbani. Tyson alieleza kuwa maungamo hayo yalimfanya atambue kuwa hawezi kuwa mwigizaji tu. Kama mtu mwenye elimu na kazi ya habari hakuwa na uhakika kwamba familia nyeusi inapendana kama yake, basi kila uhusika ungeongeza au kupunguza kitu katika ujinga huo.

Kuanzia hapo alichagua kwa ukali. Miaka ya mwanzoni mwa 1970 ndiyo iliyokuwa na wimbi la filamu zilizowalenga watazamaji weusi wa mijini kwa hadithi za walanguzi, makahaba na wauaji. Zililipa, na waigizaji wengi weusi hawakuwa na mlango mwingine. Tyson alizikataa hadharani na kukaa vipindi virefu bila kazi.

Inafaa kueleweka vizuri alichokuwa akikataa. Hakuikataa nafasi ya mtumishi wa ndani kwa kuwa ni mtumishi. Mama yake alikuwa mtumishi. Portia katika "The Heart Is a Lonely Hunter" ya 1968, Sipsey katika "Fried Green Tomatoes" ya 1991 na Constantine katika "The Help" ya 2011 wote ni wanawake waliofanya kazi katika nyumba za wengine. Alichodai ni kwamba mwanamke huyo awe na nafsi, historia na heshima, asiwe pambo la kupita akibeba sinia.

Miaka 110 ya Jane Pittman

Januari 31, 1974 CBS ilirusha "The Autobiography of Miss Jane Pittman", iliyotokana na riwaya ya Ernest J. Gaines wa Louisiana. Jane alizaliwa utumwani, akaona mwisho wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na akaishi hadi kuona vuguvugu la haki za raia la miaka ya 1960. Watu wengi waliamini kuwa ni mtu halisi. Hakuwapo, ni kazi ya ubunifu ya Gaines.

Tyson, akiwa na miaka 49, alimwigiza Jane kuanzia ujanani hadi umri wa miaka 110. Wapambaji wa sura Stan Winston na Rick Baker, waliokuja kuwa mabingwa wa fani hiyo Hollywood, walimvisha ngozi ya bandia kwa saa nyingi kabla ya kila siku ya kupiga picha za uzee. Ngozi peke yake isingetosha. Alitembelea makazi ya wazee ili ajifunze namna wanavyopumua, wanavyoketi, wanavyotafuta neno lililopotea, na macho yao yanavyotulia mahali pamoja.

Mwishoni Jane anafika kwenye mahakama ya mji, mbele ya bomba la maji ya kunywa lililotengwa kwa ajili ya wazungu. Kijana mmoja wa jamii yake amekwisha kuuawa kwa kulipigania jambo hilo. Bibi kizee anatembea taratibu kwa fimbo, askari wakimtazama, anafika, anainama, anakunywa, kisha anageuka na kurudi alikotoka. Mwendo huo unachukua muda mrefu kuliko kawaida ya televisheni, na hakuna anayethubutu kumzuia.

Tamthilia hiyo ilizoa Emmy tisa, mbili zikiwa za Tyson. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kutunukiwa kwa uhusika mkuu katika filamu ya televisheni.

Mama wa Kunta Kinte

"Roots", iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, ilirushwa na ABC kwa usiku nane mfululizo, Januari 1977. Inakadiriwa kuwa watu takribani milioni 100 walitazama sehemu ya mwisho. Inaanzia Juffure, Gambia, mwaka 1750, kwa Binta anayejifungua mtoto wa kiume. Tyson aliigiza Binta, Maya Angelou akawa bibi wa mtoto, na kijana LeVar Burton akawa Kunta mwenyewe. Nafasi ya Binta ni fupi, kwani mwanawe anatekwa mapema na hadithi inavuka bahari bila mama. Lakini kila kinachofuata, hata pale Kunta anapochapwa ili alikubali jina la Toby, kinategemea mtazamaji awe amekwisha kumwona mama aliyempa jina la kwanza.

Mwaka uliofuata aliigiza wanawake wawili wa kweli: Coretta Scott King katika "King", na Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani kisha akarudi mara kwa mara kuwatorosha wengine, katika "A Woman Called Moses". Mwaka 1981 alikuwa Marva Collins, mwalimu wa Chicago aliyeacha ajira ya umma na kufungua shule kwa watoto ambao shule nyingine ziliwakatia tamaa. Emmy yake ya tatu aliipata 1994 kwa "Oldest Living Confederate Widow Tells All".

Kurudi Broadway

Mwaka 1983 Tyson aliongoza waigizaji wa "The Corn Is Green" katika Broadway, mchezo uliofungwa mapema. Ilipita miaka 30 kabla hajarudi. Alikuwa ameitazama filamu ya "The Trip to Bountiful" ya mwaka 1985 na kumwambia wakala wake amtafutie kazi kama ile, kisha apumzike. Aliipata 2013, na ilikuwa ile ile.

Mchezo huo wa Horton Foote ulioandikwa mwaka 1953 unamhusu Carrie Watts, mzee anayeishi kwa kubanana na mwanawe na mkwewe jijini Houston. Anataka jambo moja tu, kurudi kukiona kijiji alichozaliwa kabla ya kufa, na siku moja anatoroka kwa basi. Yeyote aliyewahi kuishi mjini na mzazi anayeulizia kila asubuhi lini atarudishwa kijijini hahitaji maelezo zaidi. Hadithi ilikuwa ya familia ya wazungu. Safari hii ilichezwa na familia ya weusi, Cuba Gooding Jr. akiwa mtoto wa Carrie. Tyson alipofika penye wimbo wa kanisani, watazamaji ukumbini walianza kuimba naye, jambo lisilozoeleka kabisa Broadway, na likajirudia onesho baada ya onesho.

Juni 2013 alitwaa Tony ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia. Hapo ndipo wengi walipogundua umri wake. Mwanzoni mwa kazi alishauriwa ajipunguzie takribani miaka kumi, na kwa miongo kadhaa vitabu vya marejeo viliandika kuwa alizaliwa 1933. Aliyesimama kupokea tuzo alikuwa na miaka 88, akicheza uhusika mkuu mara nane kwa wiki. Mwaka 2015 alirudi tena katika "The Gin Game", watu wawili tu jukwaani, yeye na James Earl Jones, mwenzake wa "The Blacks".

Nje ya jukwaa

Baada ya kuuawa kwa Martin Luther King Jr. mwaka 1968, mcheza dansi Arthur Mitchell aliamua kuanzisha kundi na shule ya ngoma ya baleti kwa vijana wa Harlem. Tyson alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuisimamisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, na taasisi hiyo ipo hadi leo. East Orange, New Jersey, kuna shule ya umma ya sanaa inayoitwa kwa jina lake. Hakuishia kutoa jina; alifika madarasani mara kwa mara na kuzungumza na wanafunzi.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na mpiga tarumbeta Miles Davis, ambaye walifahamiana tangu miaka ya 1960. Sura yake ndiyo iliyo kwenye jalada la albamu ya "Sorcerer" ya 1967. Ndoa ilikuwa na misukosuko na ilivunjika mwishoni mwa miaka ya 1980.

Miaka ya mwisho

Katika "How to Get Away with Murder" Tyson aliigiza Ophelia, mama wa mwanasheria Annalise Keating aliyechezwa na Viola Davis. Mwaka 2015 Davis alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda Emmy ya uhusika mkuu katika tamthilia ya mfululizo, miaka 41 baada ya ushindi wa Tyson kwa Jane Pittman. Ni Davis pia aliyeandika dibaji ya kitabu chake.

Kituo cha Kennedy kilimtunuku mwaka 2015, na Novemba 2016 Rais Barack Obama alimvisha Nishani ya Rais ya Uhuru. Oscar ya heshima ilikuja Novemba 2018, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo kwa mwanamke mweusi, miaka 46 tangu "Sounder".

"Just as I Am" kilitoka Januari 26, 2021. Kilikuwa bado kikipangwa katika rafu za maduka ya vitabu familia yake ilipotangaza kifo chake. Mwili wake uliwekwa katika Kanisa la Abyssinian Baptist, Harlem, mnamo Februari, kipindi ambacho janga la UVIKO-19 lilikuwa limezuia mikusanyiko. Hata hivyo watu walipanga foleni nje katika baridi kali, wamevaa barakoa na kuachiana nafasi, wakisubiri zamu ya kupita mbele ya jeneza. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, Bronx.